Neti Usoni mwa Punda Wetu

Kiangazi kizima punda wetu alitembea Kakuma akiwa amevaa sidiria usoni. Haikuwa sidiria yote. Fundi alikuwa ameichana, akabakisha zile waya mbili zilizopinda, akazishonea neti nyeusi ili neti isiguse macho. Lakini kila aliyekutana nasi njiani alijua waya zile zimetoka wapi, na watoto walitufuata wakiimba. Mama hakugeuka nyuma. Alikuwa ameamua kwamba punda yule hatapofuka, na hakuwa na muda wa kusikiliza nyimbo.

Nimeyakumbuka haya juzi katika soko la Lodwar, nilipopita pale wanapomwaga mitumba juu ya turubai. Mwanamke mmoja alikuwa akizikunja sidiria moja baada ya nyingine, akipima kama waya bado zina nguvu, vilevile alivyofanya Mama. Nilisimama kumtazama mpaka muuzaji akaniuliza kama natafuta saizi yangu. Walio rika langu, waliokulia upande huu kabla barabara haijawekwa lami, wataelewa kwa nini mtu anaweza kusimama sokoni akiwaza uso wa punda.

Jina lake lilikuwa Nakwang, ambalo kwa Kiturkana chetu linatokana na weupe. Mwili wake ulikuwa wa kijivu kama wa punda wengine, lakini uso ulikuwa mweupe tangu paji hadi midomo. Chini ya manyoya yale ngozi ilikuwa ya rangi ya waridi, nyembamba, kama ngozi ya kidonda kinachoanza kupona. Hata kope zake zilikuwa nyeupe. Punda wengine wana ngozi nyeusi kuzunguka macho, utadhani wamepakwa masizi. Nakwang hakuwa nayo. Nilimwona mrembo kuliko wote na niliwahurumia watoto ambao punda wao walikuwa na nyuso za kawaida.

Alikuwa punda wa Mama. Kwetu wanaume wana maneno mengi juu ya ng'ombe na ngamia, lakini punda ni kazi ya wanawake. Wanawake ndio wanaomfunga vikapu vya fito ubavuni, wanaojua fito ipi itamchubua na mzigo upi utamlemea upande mmoja. Siku ya kuhama nyumba nzima hupanda mgongoni mwake: ngozi za kulalia, vibuyu, sufuria, mitungi ya maji, na mtoto mdogo kama yupo. Bila punda mwanamke hahami. Anabaki pale alipo.

Tulikuwa tumetoka Kaikor baada ya ukame kumaliza mbuzi. Baba alikuwa amefariki kabla sijaanza kukumbuka mambo, kwa hiyo mwenye kauli juu yetu alikuwa mdogo wake, Baba Mdogo Ewoi. Yeye alichukua mbuzi wachache waliobaki akaenda nao kwenye vilima vya upande wa Uganda. Sisi wengine, yaani Mama, mimi, na Ata, kama tunavyomwita bibi, mama yake baba, tulikuja Kakuma na Nakwang, pembeni mwa kambi ya wakimbizi, ili Mama achotee watu maji. Makubaliano yalikuwa kwamba mvua ikinyesha Ewoi atakuja kutuhamisha, turudi Kaikor kwa watu wetu.

Njiani kuja Kakuma mtoto wa Nakwang alipotea. Tuliamka hayupo, tukaona nyayo za fisi, tukaendelea na safari. Siku chache baada ya kufika, Nakwang alianza kulia.

Nilikuwa darasa la tatu na sikuwa na shaka hata kidogo kwamba analilia mtoto wake. Machozi yalitoka kwenye macho yote mawili yakachora mistari miwili mashavuni, na nzi wakajipanga kwenye mistari hiyo. Nilikaa naye kama nilivyoona watu wakikaa na waliofiwa, bila kusema neno. Na kwa kuwa nilikaa naye sana, niliona mambo. Asubuhi macho yake yalikuwa makavu. Jua likipanda juu alianza kufumba kope, halafu machozi. Jioni jua likiwa mbele yake alilia zaidi ya jua likiwa mgongoni. Kuna siku kulikuwa na mawingu tangu alfajiri hadi jioni, na siku hiyo hakulia kabisa. Niliumia. Nilidhani amesahau.

Ata aliona kitu kingine. Aliona ngozi iliyokauka, na ngozi iliyokauka yeye alijua dawa yake. Aliyeyusha mafuta ya mbuzi, akachanganya na udongo mwekundu, akampaka Nakwang puani na kuzunguka macho kila asubuhi, kwa kidole kimoja, polepole, kama alivyokuwa akinipaka mimi. Watu wetu wamejipaka hivyo siku zote na jua halijawafanya kitu. Harufu ile ya mafuta yanayopata joto iko nami hadi leo. Nikipita jikoni kwa mtu anayekaanga nyama ya mbuzi, naona mkono wa Ata. Lakini pua ya Nakwang ilitoka malengelenge. Ngozi ikabanduka kama ganda la kitunguu. Ata aliongeza mafuta. Kisha, kwenye pembe ya ndani ya jicho la kushoto, kikatokea kinyama chekundu, kidogo, chenye unyevu.

Ewoi alipokuja kutuona, kinyama kilikuwa kimekua. Alimshika Nakwang taya, akamgeuzia uso juani, naye Nakwang akavuta kichwa kwa nguvu.

"Jicho hili linaoza," alisema. "La pili litafuata."

"Litapona," Mama alisema.

"Mvua ikinyesha nakuja kuwahamisha. Kama haoni njia, tutamla kabla ya kuondoka. Kwani hataki kwenda Kaikor? Ataenda. Ataenda ndani ya tumbo langu."

Ata alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka.

"Ataenda kwa miguu yake," alisema.

"Kwa macho ya nani?"

"Yake."

Ewoi hakuwa mtu mbaya, na nyama ya punda kwetu ni nyama. Alichokisema wengi wangekisema. Lakini Mama alijua mambo yangekwendaje baada ya mlo ule. Hatukuwa na punda mwingine wala njia ya kumpata. Ewoi angeondoka na mbuzi zake, na Mama angebaki pembeni mwa kambi akibeba mitungi kichwani, akiambiwa kila mwaka kwamba mwakani watatafuta namna. Alikuwa amewaona wanawake waliobaki hivyo. Wengine walikuwa jirani zetu.

Wiki ile maofisa wa mifugo walikuja kuchanja mbuzi, wakaweka meza karibu na mto mkavu. Mama alimshika Nakwang akajipanga naye kwenye foleni ya mbuzi.

"Hii laini ni ya mbuzi," mzee mmoja wa nyuma yetu alisema.

"Basi mhesabu kama mbuzi mkubwa," Mama akamjibu, asisogee.

Daktari alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya, mwenye sauti ya chini na kofia pana aliyoifunga kwa kamba kidevuni. Mama alikuwa na Kiswahili cha kuuzia maji tu, kwa hiyo nilitafsiri mimi. Daktari alimzunguka Nakwang, akamwekea mkono wake juu ya jicho kama paa, akasubiri. Nakwang alifungua jicho. Daktari akaondoa mkono. Likafumba.

"Alianza kutoa machozi lini?" aliuliza.

Sikumtafsiria Mama. Nilijibu mwenyewe. "Mtoto wake alipoliwa na fisi. Analia jua likiwa juu, kwa sababu ndiyo saa anayomkumbuka. Asubuhi halii. Kukiwa na mawingu anasahau."

Daktari alinigeukia. Hakucheka, na kwa hilo nimemheshimu tangu siku hiyo.

"Ulichoona ni kweli chote," alisema. "Sababu tu ndiyo nyingine. Hii ni jua. Ngozi yake haina weusi wa kumkinga. Inaungua, na jicho linaungua nayo. Hapa puani mnampaka nini?"

Nilimwambia. Akatikisa kichwa. "Mwambie Mama mafuta hayo yanamkaanga."

Nilitafsiri. Ata, aliyekuwa amekuja nyuma yetu na fimbo yake, alisikia. "Mwambie huyo daktari ngozi yangu ni ya zamani kuliko yake, na haijakaangwa."

"Mwambie Nyanya ngozi yake ni nyeusi," daktari alisema. "Imekuja na mwavuli wake. Huyu punda alizaliwa bila mwavuli."

Ata alilifikiria hilo. Alijitazama mkono, upande wa juu na upande wa kiganja. Hakusema kwamba amekubali, lakini kesho yake hakuyeyusha mafuta.

Daktari alieleza kwa mpangilio na mimi nikarudia kwa mpangilio. Kinyama lazima kikatwe, maana aina hiyo ikiachwa inaweza kula jicho lote. Angekikata mwenyewe akimaliza kuchanja, vifaa vikija kutoka Lodwar. Lakini kukata peke yake hakutoshi. Afunikwe uso kwa neti inayopitisha hewa na inayomruhusu kuona, isiyogusa jicho. Awe kivulini jua likiwa kali. Kazi ifanywe alfajiri na jioni. "Mkikosa kufanya hivyo," alisema, "nitakikata na kitaota tena."

"Tukifanya hayo yote, hakitaota?" Mama aliuliza kupitia kwangu.

"Sijui," daktari alisema. "Nafasi yake itakuwa nzuri zaidi."

Mama aliondoka na jibu hilo kana kwamba ameahidiwa.

Alianza na shuka yake, akaifunga usoni mwa Nakwang na kuitoboa matundu. Nakwang alisimama kama gogo na hakupiga hatua. Akajaribu chandarua kuukuu. Kikashikamana na machozi, kikasugua jicho, likawa jekundu zaidi. Ndipo akanichukua tukaenda kambini, kwenye soko la Wakongo, kwa fundi mmoja aliyeitwa Mama Furaha. Alikuwa na cherehani ya miguu chini ya bati, na picha ya bibi harusi ukutani.

"Bonjour maman, karibu. Nguo ya nani?"

"Ya punda," nilisema.

Mama Furaha aliacha kukanyaga cherehani. "Mi nilishonaka nguo ya padri. Nilishonaka ya bibi harusi, nilishonaka ya maiti. Ya punda, bado." Alichungulia nje, akamwona Nakwang. "Huyu yeye anaenda harusi wapi?"

Nilimweleza habari ya jua, jicho, na neti isiyogusa. Alisikiliza akiwa ameshikilia pini mdomoni. Halafu akatoka na utepe wake wa kupimia, akampima Nakwang paji, taya, na umbali kati ya jicho na jicho, akimsemesha kwa lugha yake, na Nakwang akamwachia. Neti alikuwa nayo: kipande cha ile neti nyeusi ambayo watu wa kambini walikuwa wakitandaza juu ya mboga zao zisinyauke. Lililomshinda ni namna ya kuifanya isimame mbali na jicho. Alijaribu kijiti, kikavunjika. Alijaribu kukunja kitambaa, kikalala. Akalitazama rundo la mitumba ya jirani yake, akasema, "Ngoja."

Alirudi na sidiria ya mwanamke mkubwa sana. Mama aliichukua, akaikunja, ikarudi umbo lake. Akaikunja tena. Walitazamana, Mama asiye na Kifaransa wala Kiswahili cha kutosha na Mama Furaha asiye na neno la Kiturkana zaidi ya ejok, salamu yetu, na wakaanza kucheka kwa wakati mmoja, wakashikana mabega. Sijawahi kumwona Mama akicheka hivyo tena. Malipo yalikuwa maji, na Nakwang ndiye aliyeyapeleka.

Daktari alitimiza ahadi. Alikata kile kinyama asubuhi mapema, Nakwang akiwa amesimama, amepewa dawa ya kumlegeza na ganzi jichoni, Mama ameshika kichwa na mimi nimeshika kamba. Kilichotoka kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia. Daktari alikitia kwenye kichupa akakitazama dhidi ya mwanga, uso wake ukiwa hauonyeshi kitu.

Kutoka hapo maisha yetu yote yaligeuka kufuata uso wa punda. Mama alimwamsha kabla ya jogoo wa majirani. Jua lilipotoka mitungi ilikuwa imeshafika kwa wenyewe. Alikata matawi ya mti wa mathenge, akang'oa miiba yote upande wa ndani isije ikamchoma jicho, akajenga kibanda kirefu kuliko chetu. Chetu kilikuwa na tundu juu ya kichwa cha Ata.

"Kwa hiyo punda ana nyumba, na mimi nina nyota," Ata alisema.

"Wewe una mwavuli wako, Ata," Mama akamjibu.

Kila jioni alivua neti, akaiosha, akaitundika, akaosha uso wa Nakwang kwa kitambaa na maji ya chumvi, pua kwanza, macho mwisho. Watoto waliimba wimbo wao wa punda mwenye matiti machoni hadi wakauchoka. Wauza maji wengine walimwuliza kama punda wake ni mke wa mkubwa. Mama aliitikia, "Ndiyo, mke wa kwanza," akaendelea. Pua ikapata ngozi mpya. Machozi yakapungua, kisha yakawa ya siku za upepo tu. Mimi nilibaki na jambo moja la kunisumbua: ikiwa Nakwang hakuwa analia, basi ni nani aliyemlilia yule mtoto wake? Nilimwuliza Mama. Alisema mimi nilifanya kazi hiyo vizuri na yatosha.

Mvua ilinyesha kaskazini, na Ewoi akaja. Alimkuta Nakwang kibandani na neti usoni. Hakuuliza imetengenezwa kwa kitu gani. Nadhani alikuwa ameshaambiwa njiani. Alitaka kuona jicho. Mama akafunua neti. Pembeni palikuwa na kovu dogo, na jicho lilimfuata Ewoi alipotembea.

"Linaona hapa kivulini," alisema. "Njia si kivuli."

"Mpakie," Mama alisema. "Akijikwaa, umle."

Nilimtazama Mama nikidhani atalirudisha neno lile. Alikuwa ameshaanza kufunga vikapu.

Tuliondoka alfajiri, Ewoi mbele na mbuzi, Mama na Nakwang katikati, mimi na Ata nyuma. Asubuhi yote Nakwang alitembea vizuri, hata kwenye mawe. Kisha upepo ukaanza, ule wa vumbi jembamba unaoingia hata mdomo ukiwa umefungwa. Tulipofika kwenye mto mmoja mkavu wenye kingo kali, Nakwang alisimama. Mama alivuta kamba. Alirudi nyuma, mguu mmoja wa nyuma ukateleza, mzigo ukainama, sufuria zikagongana.

Ewoi alirudi. Alimtazama punda, akamtazama Mama, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba jambo lile halimfurahishi. "Umeona mwenyewe," alisema taratibu. "Hapa kuna kuni. Tupumzike hapa."

Mama alilegeza kamba. Alisogea mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wa Nakwang, karibu kabisa, akatazama kwa upande wa nje kile ambacho Nakwang alikuwa akikitazama kwa upande wa ndani. Neti ilikuwa imejaa vumbi. Kila tundu lilikuwa limeziba, imekuwa kama ukuta wa udongo. Aliifungua, akaipiga dhidi ya paja lake mara kadhaa, akaipuliza, akaishika juu akaona anga, akamvalisha tena. Halafu hakuvuta kamba. Alishuka yeye kwanza ukingoni, akasimama chini kwenye mchanga, akaita jina.

Nakwang aliinamisha kichwa. Alipima ukingo kwa mguu mmoja, akaurudisha, akachagua mahali pengine kushoto ambapo palikuwa na mteremko, akashuka na nyumba yetu yote mgongoni.

Ewoi alitembea nasi hadi tulipopanda upande wa pili. Kisha akafungua mtungi wake mwenyewe. "Apewe maji," alisema. "Na hicho kitu kikung'utwe kila tukipumzika."

Tulifika Kaikor naye. Mama yuko huko mpaka sasa, na Nakwang yuko huko, mzee, mifupa ya nyonga imetokeza, habebi tena chochote zaidi ya mtungi mmoja kwa heshima. Ata na Ewoi hawapo. Neti imebadilishwa mara nyingi, na Mama amewashonea wanawake wengine wenye punda wa nyuso nyeupe, maana watoto aliowazaa Nakwang baadaye baadhi yao wamerithi uso wake. Hakuna anayeimba.

Mwezi uliopita Mama alinipigia simu. Alisema kuna doa kwenye jicho la kulia, lile ambalo halikuwahi kuugua, jeupe kwa nje na jekundu kidogo kwenye ukingo. Binamu yangu alilipiga picha akanitumia, nami nikaipeleka ofisi ya mifugo hapa Lodwar. Daktari wa sasa, kijana mpole, aliikuza kwenye simu yake, akaigeuza, akasema inaweza kuwa kovu la mwiba na inaweza kuwa kile kingine. Kwa picha hawezi kujua, na kwa umri wa Nakwang hata kukata ni jambo la kufikiria. Alisema atapita Kaikor barabara ikipitika.

Nilimpigia Mama nikamweleza. Alinisikiliza, akaniuliza kama neti ya kivuli bado inauzwa Lodwar, ile nyeusi, yenye matundu madogo. Nilimtumia siku iyo hiyo na gari la mizigo. Ameshaishona na ameshamvalisha, na kibanda amekigeuza mlango utazame kaskazini, jua la asubuhi na la jioni lisiingie. Barabara bado imekatika, na jicho hilo halijaangaliwa na daktari mwenye taa ya kulimulika.